Elfu Tano, Bila Kuhesabu Mama Zetu

Ilikuwa mwezi wa Julai, ile baridi ya Meru inayomfanya hata mhubiri afupishe mahubiri, tulipomzika bibi mmoja katika usharika tuliokuwa tukiutumikia upande wa mashariki wa mlima. Jina lake tutaliacha lipumzike pamoja naye. Alikuwa amevuka miaka themanini. Kabla ya mahubiri ulisomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi yetu. Mjukuu alisimama, akakohoa, akafungua karatasi. Marehemu alizaliwa. Marehemu alibatizwa na baadaye akapata kipaimara. Marehemu alifunga ndoa takatifu na mzee fulani, ambaye alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mjumbe wa chama cha ushirika cha kahawa, na mtu wa kwanza mtaani kuezeka nyumba kwa bati. Marehemu alijaliwa watoto tisa. Kisha marehemu akaanza kusumbuliwa na sukari, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, akarudishwa nyumbani, mpaka Bwana alipomwita.

Karatasi ile tuliihesabu baadaye. Mume alikuwa na mistari saba. Ugonjwa wa sukari ulikuwa na minane. Marehemu mwenyewe, aliyeishi duniani zaidi ya miaka themanini, aliambulia mitatu.

Mjukuu alipokunja karatasi, sauti ya mama mmoja mzee ilipenya kutoka upande wa jikoni, penye masufuria na moshi: "Na Engare Nanyuki je? Mbona hamsemi?" Watu wakageuka. Mshereheshaji akasema kwa upole, "Mama, tutulie, ibada inaendelea." Mama akatulia. Nasi tukapanda mimbarini tukahubiri juu ya mke mwema wa Mithali 31, kama tunavyofanya kila tunapomzika mwanamke na hatujui la kusema juu yake.

Baada ya mazishi tuliletewa chakula mezani pamoja na wazee, chini ya turubai. Lakini swali la yule mama lilikuwa limetukaa kooni kama mfupa wa samaki. Tukachukua sahani yetu ya loshoro tukaenda nayo jikoni. Wanawake walishtuka kidogo kumwona mchungaji kati ya mafiga. Mmoja alidhani chumvi imezidi. Tukapewa kigoda. Tukauliza: Engare Nanyuki kulikuwa na nini?

Wakatusimulia. Mwezi wa Novemba 1951, serikali ya Kiingereza ilipowafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe wafugaji wa Kizungu, bibi yetu alikuwa ameolewa si muda mrefu, ana mtoto wa kwanza mgongoni. Askari walifika mlangoni wakamwamuru atoe vitu.

"Na mume wake alikuwa wapi?" tukauliza.

"Alikuwa kwenye mkutano!" wakajibu kwa pamoja, na kicheko kikapanda hadi kwenye bati lile lile lililotajwa kwenye wasifu. Ndivyo ilivyokuwa. Wanaume walikuwa mkutanoni wakijadili serikali ikija wafanye nini, na serikali ikaja wakiwa bado kwenye ajenda.

Bibi aliingia ndani mara tatu. Mara ya kwanza akatoa mfuko wa maharage ya mbegu. Mara ya pili akatoa chungu. Mara ya tatu akatoka na kuku aliyekuwa akiatamia, kamshika kwapani, na mayai kayafunga kwenye kanga. Askari mmoja akacheka, akamuuliza kama hakuna kitu cha maana zaidi humo ndani. Alimjibu kwa Kimeru neno ambalo wanawake wale hawakukubali kututafsiria, kwa sababu ya vazi letu. Nyumba ikachomwa. Akatembea na mtoto, mbegu, chungu na kuku hadi kwa ndugu zake upande wa juu, na mayai yale yakaanguliwa. Vifaranga walipokua wakauzwa, na fedha ikaingia kwenye mchango wa safari ya Kirilo.

Hapo tulikaa kimya na loshoro yetu ikapoa.

Wasomaji wetu wa Meru wanaijua sehemu ya pili ya habari hii vizuri kuliko sisi. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Waliambiwa waende Kingori, mahali ambapo wengi hawakupataka kwa joto na magonjwa yake. Wameru wakakataa, wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai haki ya watu wake. Kura zilipopigwa katika Baraza Kuu hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa, lakini nchi nzima ilikuwa imesikia kwamba Mwingereza anaweza kushitakiwa. Hatumpunguzii Kirilo hata punje moja. Tunachouliza ni nauli. Fedha ile ilitoka kwenye mikono ya watu, na watu hao si wote walivaa kofia.

Ukizitazama hesabu za serikali ya wakati ule utaelewa kwa nini bibi yetu hayumo. Aliyehesabiwa alikuwa mlipa kodi, na mlipa kodi alikuwa mwanamume. Ukitaka kujua wanawake walikuwa wangapi, unachukua jumla ya watu, unatoa wanaume, unakisia watoto; wanawake ni kile kinachobaki. Ndiyo maana hata wasimulizi wema, watu waliotupenda, waliandika juu ya wajumbe, wakili, hotuba na kura, na hakuna aliyeandika juu ya kuku.

Kabla hatujawacheka Waingereza, tufungue Biblia zetu. Katika Mathayo 14 Bwana Yesu analisha makutano, na mwandishi anatuambia waliokula walikuwa wanaume elfu tano, kisha anaongeza kwamba wanawake na watoto hawamo katika hesabu hiyo. Tumelisoma neno hilo maisha yetu yote bila kusimama. Sasa simama kidogo. Mathayo, kwa mapokeo ya kanisa, alikuwa mtoza ushuru. Na mtoza ushuru huhesabu nini? Walipa kodi! Kazi ya zamani haimtoki mtu upesi, hata akiokoka. Lakini tumpe heshima yake: Marko, Luka na Yohana wote wanataja wanaume elfu tano na kuishia hapo. Mathayo peke yake ndiye aliyekiri kwamba kuna watu amewaacha. Na Yohana anatupa jambo jingine: mikate ilikuwa ya shayiri, na ilikuwa mikononi mwa mtoto mmoja. Wapendwa, sisi tumelea watoto. Mtoto wa kiume haamki alfajiri akaoka mikate mitano ya shayiri, akafunga na samaki wawili, akaenda mkutanoni. Kuna mama aliyemfungia chakula. Muujiza wa Bwana ulianzia kwenye kifurushi chake, na hatujui hata jina lake.

Tabia hii ina mizizi mirefu mlimani kwetu. Kila mtoto wa kipaimara anafundishwa habari ya Akeri, jinsi wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walivyouawa mwezi wa Oktoba 1896. Majina yao tunayataja kwa heshima, na inafaa. Wenzao Wachaga waliokufa pamoja nao tunawataja kwa haraka zaidi. Kisha tunaruka hadi 1902, Injili iliporudi na kituo kikaanzishwa Nkoaranga. Katikati ya miaka hiyo miwili kuna shimo. Ndani ya shimo hilo Kapteni Johannes alipanda kutoka Moshi na majeshi yake kulipiza kisasi. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, na wanawake wakatekwa. Vijana wanapofundishwa habari hiyo huambiwa idadi ya mashujaa walioanguka. Sisi tunawaomba walimu wa kipaimara waongeze swali moja tu darasani: migomba yote ikishakatwa, jioni ile nani aliulizwa na watoto watakula nini? Mgomba huchukua zaidi ya mwaka kuzaa. Kati ya kisasi cha Wajerumani na mkungu wa kwanza, mtu fulani aliwaweka hai babu zetu, na hakuwa kapteni.

Turudi jikoni. Kati ya wanawake wale alikuwapo mmoja wa Kipare, aliyeolewa Meru miaka mingi iliyopita. Alikuwa amenyamaza muda wote akimenya ndizi. Sasa akatupa ganda, akasema, "Ninyi mlifukuzwa. Bibi zetu sisi walimfuata Bwana Shauri wenyewe."

Nasi, tuliosoma historia ya kanisa kwa miaka mitano na kufaulu, hatukuijua habari hiyo. Tuliporudi nyumbani tulitafuta vitabu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alikuwa ameiandika tangu 1971.

Serikali ilikuwa imeleta kodi mpya Upare, kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, ambayo watu waliiita mbiru. Kila mtu alijua kwamba atakayepima mali ya jirani ni jirani, na kwamba mpimaji hana macho sawa kwa rafiki na kwa adui. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, bomani, wakaketi. Hawakupiga mtu. Waliketi tu, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, wakingoja kodi ifutwe. Ni moja ya maandamano ya utulivu yaliyodumu sana katika nchi yetu, na tunajivunia. Lakini mtu akiketi Same miezi kadhaa, pale penye jua kali na mkonge, atakula nini? Chakula kilishuka mlimani kichwani mwa wanawake. Walilima peke yao, wakavuna peke yao, wakapika, wakatembea saa nyingi, wakawalisha waliokuwa wakigoma, kisha wakapanda tena kwenda kuwalisha waliobaki nyumbani. Mgomo wa wanaume ulikuwa wa kuketi. Wa wanawake ulikuwa wa kupanda na kushuka.

Wakachoka. Mwaka 1946, huko Usangi, mamia yao walimkabili Mkuu wa Wilaya na machifu waliokuwa naye. Hawakuleta waraka. Walileta hoja moja, nayo tutaieleza kwa adabu inayowezekana katika kitabu cha kanisa. Walimwambia: umewaweka waume zetu mbali na nyumba zao miezi yote hii, basi chagua moja, ama umalize shauri hili warudi, ama wewe mwenyewe utupe mimba sisi sote.

Tunajua kuna wazee wa kanisa wanaosoma ukurasa huu na wamefunga kitabu kidogo. Wafungue. Haukuwa utani wa kilabuni. Ilikuwa hoja ya sheria iliyonyooka kuliko nyingi tulizosoma. Serikali ilidai kwamba shauri la kodi ni kati yake na wanaume. Wanawake wakauliza: kama ni hivyo, mbona sisi ndio tunaolima, tunaobeba na tunaolala peke yetu? Mtu akichukua mamlaka juu ya nyumba, achukue na wajibu wake wote. Bwana Shauri, aliyekuwa amesomeshwa kujibu kila swali, hakuwa na jibu la hilo kwenye faili lolote. Mkutano uliishia kwa vurugu. Baada ya muda mbiru ikaondolewa.

Na wanawake hawa wana dada zao katika Maandiko. Katika sura ya kwanza ya Kutoka, Farao anawaamuru wakunga wawili wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wanamcha Mungu, hawafanyi. Farao anawaita na kuwauliza. Nao wanamjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba wanawake wa Kiebrania si kama wa Kimisri, wana nguvu, huzaa kabla mkunga hajafika. Mfalme wa Misri, mjenzi wa miji, anakubali jibu hilo kwa sababu hajawahi kuingia chumba cha uzazi! Mwandishi wa kitabu hicho alifanya jambo ambalo sisi tumeshindwa kulifanya kwenye karatasi moja ya msiba: aliandika majina yao, Shifra na Pua. Farao hakuandikwa jina. Mpaka leo wataalamu wanabishana alikuwa Farao yupi.

Ukiuzunguka mlima wetu hadi upande wa magharibi, ukapita jiji la Arusha na kuelekea Monduli, utakuta habari ya namna nyingine, isiyo na maandamano. Kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, wamisionari walipokwenda kwa Wamaasai, walikwenda na mpango mzuri: wawapate wanaume kwanza, wazee na vijana, na wanawake watafuata. Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Kanisa Katoliki walianza na shule, ambazo karibu zote zilijaa wavulana. Baadaye wakajaribu kufundisha boma kwa boma. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson wa Marekani aliyafuatilia hayo miaka mingi, na kitabu chake cha mwaka 2005 kinaliita lile kanisa, kwa haki, kanisa la wanawake. Maana padre alipogeuka kutazama mavuno yake, waliokuwa wamekaa mbele yake walikuwa akina mama. Wanaume walikuwa na ng'ombe wa kuangalia.

Sisi Walutheri tusijidai. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Na tuliliona jambo ambalo wazee wa Kimaasai waliliita orpeko. Mwanamke alishikwa na roho, akatetemeka, akakataa kula, akalia, akadhoofika. Waganga walijaribu. Mbuzi wakachinjwa. Hapakuwa na nafuu. Kisha ikajulikana kwamba dawa ya kudumu ni moja, nayo ni kufundishwa, kubatizwa, na kwenda kanisani pamoja na wanawake wenzake. Mzee ambaye jana alikataa katakata mke wake asikanyage kanisani, leo alikuja mwenyewe kumwomba mwinjilisti ampokee. Afanyeje? Mke anaumwa, na dawa iko kule.

Hatuna nia ya kumcheka aliyeteseka. Tumewaombea wanawake wenye orpeko, tumeona machozi yao, na hatuamini kwamba mtu anaigiza maumivu ya namna ile. Hodgson anaeleza kwamba ugonjwa huu ulikua wakati uleule ambapo wanawake walikuwa wakipoteza nafasi yao: ng'ombe na maziwa vikigeuzwa kuwa fedha za mume, serikali ikizungumza na wanaume tu. Wengine watasema ni shetani, wengine watasema ni dunia iliyowabana. Sisi tunasema Bwana ana njia zake. Alipoona milango yote ya mwanamke yule imefungwa, wa boma, wa baraza na wa shule, alimfungulia mmoja, na mume mwenyewe ndiye aliyeushika wazi.

Sasa tuje nyumbani kwetu kabisa, kwa Luther. Picha yake ipo katika ofisi nyingi za sharika. Ni wangapi wameweka ya Katharina von Bora? Huyu alitoroka utawani mwezi wa Aprili 1523 pamoja na wenzake, katika gari la mfanyabiashara aliyezoea kubeba mapipa ya samaki. Mwaka 1525 akaolewa na Luther. Akalikuta jumba la watawa limechakaa, limejaa wanafunzi na wageni, na Daktari Luther anagawa fedha kama si zake. Akalima, akafuga, akanunua shamba, akapangisha vyumba, akatengeneza pombe ya nyumbani. Naam, pombe, wazee wa kanisa watulie. Luther alimwita katika barua zake kwa utani "Bwana Käthe". Mnamo 1542 aliandika wosia akimwachia mali bila msimamizi wa kiume, kwa kuwa alimwamini. Luther alipofariki mwaka 1546, wanasheria walisema wosia hauendani na sheria. Mjane lazima awe na wasimamizi. Mwanamke aliyelisha Matengenezo ya Kanisa kwa miaka ishirini akaambiwa hawezi kutunza sufuria zake mwenyewe.

Tumefika mahali ambapo kicheko chetu kinapungua. Kile alichofanyiwa Katharina huko Wittenberg tumekiona kwa macho yetu chini ya turubai la Meru. Siku ya tatu baada ya msiba ukoo hukaa. Mchungaji hualikwa afungue kwa sala. Kisha mjane huombwa kwa upole akalete chai, na akiwa jikoni kihamba chake kinagawanywa. Tumefungua vikao hivyo kwa sala. Tumekunywa chai ile. Kwa miaka kadhaa hatukuuliza neno, tukajiambia kwamba mila si kazi ya mchungaji. Na mjane mmoja, ambaye hatutamtaja, alihamia chumba cha kupanga mjini na watoto wanne huku sisi tukiendelea kumwandika katika daftari la ahadi kana kwamba bado ana kahawa.

Mwaka 1990 Mkutano Mkuu wa KKKT uliamua kwamba wanawake wanaweza kuwekwa mikono kuwa wachungaji, nasi tulisoma theolojia pamoja na dada zetu ambao leo wanatushinda kwa mahubiri. Mwaka huohuo, Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Holaria Pastory, bibi wa Kagera aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akadai mwanamke hana haki hiyo. Jaji alisema anayo, kama mwanamume alivyo nayo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaja kuandika kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria hizo zipo. Zinauzwa dukani kwa Mchapaji wa Serikali. Lakini hazijawahi kusomwa kwenye kikao cha ukoo tulichofungua kwa sala, mpaka tulipoanza kwenda nazo mfukoni pamoja na Tumwabudu Mungu Wetu. Mara ya kwanza tulipozitoa, mzee mmoja alituambia, "Baba Mchungaji, wewe fungua kwa sala tu." Tukamjibu kwamba tumeshafungua, na sasa tunaomba mama arudi kutoka jikoni, chai italetwa na vijana. Kimya kilikuwa kirefu. Chai iliyoletwa na vijana ilikuwa mbaya sana. Lakini mama alikaa.

Na kwenye misiba tumeweka utaratibu mpya katika usharika tunaoutumikia sasa. Usiku wa kuamkia mazishi ya mwanamke, mchungaji au mwinjilisti huenda jikoni na daftari, hupewa kigoda, huuliza, na huandika. Wasifu wa watoto husomwa, kisha husomwa na wa jikoni. Wa kwanza tuliousoma ulikuwa wa mama aliyekuwa mkunga wa jadi, aliyewazalisha karibu nusu ya waliokuwa wamekaa pale, pamoja na mshereheshaji. Tulisoma ukurasa wa kwanza, tukageuza wa pili, wa tatu. Jua likasogea. Mzee mmoja wa baraza alitazama saa yake, akaitazama tena, mwishowe akanyosha mkono. "Baba Mchungaji," akasema, "samahani, huyu mama tutamzika saa ngapi?"

Kabla hatujafungua kinywa, jibu lilitoka upande wa masufuria.

"Tulia, baba. Ndiyo kwanza ameolewa."